Upelelezi Uanze na Kifusi, Usianze na Mtuhumiwa

Asubuhi ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, saa nne na nusu ikiwa imepita kwa dakika chache, lori lililosheheni baruti lililipuka mbele ya lango la Ubalozi wa Marekani katika Barabara ya Laibon, Oysterbay, Dar es Salaam. Watu 11 walipoteza maisha na wengine zaidi ya 80 walijeruhiwa. Muda mfupi kabla ya hapo lori jingine lilikuwa limelipuka katikati ya jiji la Nairobi na kuua watu 213. Katika wale 11 wa Dar es Salaam hakuwamo Mmarekani hata mmoja. Walikuwa Waafrika, wengi wao walinzi na wafanyakazi waliouawa wakiwa kazini, watu walioamka alfajiri kwenda kutafuta riziki ya watoto wao.

Mlipuko wa namna hiyo huzaa vitu viwili kwa wakati mmoja: huzaa kifusi na huzaa uvumi. Kifusi hulala pale pale kilipoangukia, kimya, kikimngojea mtu wa kukisoma. Uvumi haumngojei mtu. Kabla majeruhi hawajafikishwa hospitali, uvumi umekwisha kupanda basi, umeingia sokoni, umefika ofisini na katika chumba cha walimu, na kila unapofika unamtaja mhalifu kwa dini yake, kwa taifa lake au kwa chama chake. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Katika mambo mengi methali hiyo ina hekima yake. Katika upelelezi wa mauaji ni sumu, kwa sababu humfanya mpelelezi aanzie mwisho wa kazi yake: kwanza anampata mtuhumiwa, kisha anatafuta ushahidi wa kumvisha.

Yafaa basi ielezwe waziwazi kwamba upelelezi wa mlipuko unaoua watu hauna budi kuanza na kifusi. Jambo hili si la polisi peke yao. Ni jambo la taifa zima, na hasa la watumishi wa umma na walimu, ambao mikono yao hugusa ushahidi mara nyingi kabla mpelelezi hajafika, ingawa wenyewe hawajui.

PUA ISIYOJUA SIASA

Jeshi la Polisi la Tanzania lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. Mwananchi wa kawaida huwajua mbwa wa polisi kwa ukali wao, na watoto huwakimbia. Lakini mbwa anayepelekwa mahali palipolipuka bomu hapelekwi kumng'ata mtu. Hupelekwa kunusa. Kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha kwamba hakuna bomu la pili lililotegwa ili kuwaua waokoaji na wapelelezi, kwani hila hiyo imetumika katika nchi nyingi. Kazi yake ya pili ni kumwonyesha mpelelezi mahali penye harufu ya baruti, ili katika lundo la matofali, vioo na vyuma ijulikane ni kipande kipi kianze kuchukuliwa kwenda maabara.

Pua ya mbwa ina chembe za kunusia zinazohesabiwa kwa mamia ya mamilioni, ambapo binadamu ana milioni tano au sita tu. Hata hivyo pua peke yake haitoshi. Mbwa hufundishwa kwa miezi mingi kuunganisha harufu ya baruti, kama vile TNT, na tuzo ndogo: mpira wa kuchezea au kipande cha chakula. Akiipata harufu haruhusiwi kubweka wala kuparura, maana kuparura kwaweza kulipua kilichofichwa. Huketi kimya na kumtazama askari anayemwongoza. Tena huchoka upesi, na kwa sababu hiyo hupumzishwa na mwenzake akashika zamu.

Watanzania wana haki ya kujivunia kwamba elimu hiyo ya pua imefika mbali nchini mwao. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, panya buku wamekuwa wakifundishwa kunusa TNT iliyomo ndani ya mabomu ya kutegwa ardhini. Panya waliofundishwa Morogoro walisaidia kusafisha mashamba ya Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangaza kwamba imemaliza kuyaondoa mabomu yote yaliyojulikana kuwamo ardhini mwake.

Mnyama huyo, awe mbwa au panya, hasomi magazeti. Hajui nani ni Mwislamu na nani ni Mkristo, nani ni mgeni na nani ni mwenyeji, nani anamchukia nani. Hufuata harufu tu. Kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba mbwa hawezi kukosea. Dhana hiyo si sahihi, na kosa la mbwa lina somo kubwa kuliko ushindi wake.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa mbwa 18 na waongozaji wao. Mbwa hao walikuwa wamefundishwa kunusa baruti, dawa za kulevya au vyote viwili. Walipelekwa katika jengo ambalo halikuwa na kitu chochote cha aina hiyo. Lakini waongozaji waliambiwa kwamba mahali penye karatasi nyekundu pamefichwa kitu. Waongozaji wakatoa taarifa tele kwamba mbwa wao wamepata harufu, na hasa kwenye zile karatasi. Ama mbwa aliusoma uso wa bwana wake, ama bwana aliona alichotaka kukiona. Kwa vyovyote vile, tarajio la binadamu lilishinda pua ya mnyama.

Ikiwa mbwa, asiyejua siasa wala chuki, anaweza kupotoshwa na tarajio la anayemwongoza, itakuwaje kwa askari kijana ambaye mkubwa wake amekwisha kulitaja jina la mhalifu kabla ya kifusi kupoa? Itakuwaje kwa shahidi aliyesikia redioni nani analaumiwa kabla ya yeye kuulizwa alichokiona? Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Uvumi haukai barabarani tu. Huingia katika jicho la mpelelezi na kumchagulia vitu vya kuona.

KIFURUSHI CHA 1969

Oysterbay ilikuwa imekwisha kuusikia mshindo wa bomu miaka 29 kabla ya lori la 1998. Tarehe 3 Februari 1969, Dk. Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, alifika katika nyumba ya rafiki wa familia yake katika eneo hilo la pwani, akaketi kufungua barua zake. Miongoni mwake kilikuwamo kifurushi cha kitabu. Alipokifungua kililipuka na kumwua papo hapo. Ndivyo alivyokufa msomi aliyeacha kufundisha katika chuo kikuu cha Marekani ili aje Dar es Salaam kuongoza chama kilichoundwa katika jiji hilo mwezi Juni 1962, na kilichoanza vita vya ukombozi dhidi ya Wareno mwezi Septemba 1964.

Wauaji wa Mondlane hawakutaka roho ya mtu mmoja tu. Walitaka kukivunja chama chake. Na bomu hilo lilikuwa na sehemu mbili: ya kwanza ilikuwa baruti iliyolipuka mara moja, na ya pili ilikuwa shaka iliyoendelea kulipuka kwa miezi mingi. Nani aliijua anwani? Nani alikipokea kifurushi? Nani alikuwa na ugomvi na marehemu? Maswali hayo yalikuwa halali kwa mpelelezi aliyeyauliza kwa utaratibu. Yalipoulizwa vichochoroni yaligeuka kuwa mashtaka, na wapigania uhuru wakatazamana kwa jicho la chuki wakati adui aliye mbele yao akistarehe.

Makachero wa Tanzania walifanya kinyume cha hayo. Walikusanya mabaki ya kile kifurushi. Wakisaidiwa na polisi wa kimataifa, Interpol, walifuatilia hata betri ndogo zilizotumika kukilipua. Taarifa zilizotolewa baadaye zilieleza kwamba njia ya betri hizo ilifika katika duka moja mjini Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, na ambao wakati huo ulikuwa makao makuu ya utawala wa Kireno nchini Msumbiji. Hata hivyo hakuna mtu aliyepata kufikishwa mahakamani kwa mauaji hayo. Mpelelezi wa Tanzania hakuweza kuvuka mpaka na kubisha hodi katika duka lililokuwa chini ya bunduki za mkoloni. Lakini kipande cha betri kilisema jambo ambalo uvumi wote wa vichochoroni haukuweza kulisema: kilionyesha mkono wa kijasusi wa wakoloni. Laiti sauti hiyo ndogo ingalisikika mapema kuliko kelele za kulaumiana, huenda majeraha ndani ya chama yangalikuwa machache.

LORI LA MAJI

Mwaka 1998 kifusi kilifanya kazi nyingine muhimu, nayo ni kumwokoa asiye na kosa. Wakati wa mlipuko wa Dar es Salaam, lori la kubeba maji lilikuwa kwenye lango la ubalozi. Katika siku za kwanza dhana ilielekezwa huko: kwamba pengine bomu lilikuwa limefichwa katika lori la maji, na kwamba waliokuwamo walikuwa washiriki wa njama. Ilikuwa dhana nyepesi kuiamini. Lori lilikuwapo, lilikuwa karibu, na waliokuwa nalo walikuwa watu wadogo wasio na wa kuwasemea.

Vyuma vilivyosambaa vilieleza habari nyingine. Bomu lilibebwa na gari jingine, Nissan Atlas lenye jokofu, lililokuwa limejazwa TNT pamoja na mitungi ya gesi. Lori la maji lilikuwa limesimama kati ya gari hilo na jengo. Liliinuliwa juu na nguvu ya mlipuko na kutupwa hadi ukutani mwa ubalozi, na kwa kufanya hivyo lilikinga sehemu kubwa ya kishindo ambacho kingaliua wengi zaidi. Lililotuhumiwa kuwa silaha lilikuwa ngao. Familia ya mfanyakazi wa lori la maji, badala ya kubeba aibu ya msiba ambao haikuufanya, ilibaki na huzuni yake peke yake, na huzuni ni mzigo wa kutosha.

Kazi ya kupata ukweli wa namna hiyo haina fahari. Eneo hugawanywa vipande kwa kamba. Watu huinama na kupiga magoti, wakiokota kila chuma, kila waya, kila uzi wa nguo. Udongo wa shimo huchekechwa kama mchele unaotolewa mawe. Kila kipande hutiwa katika chombo chake, huandikwa namba, mahali kilipokutwa, saa, na jina la aliyekiokota. Kinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine hutiwa saini. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, wakili wa utetezi atauliza swali moja tu, nalo litatosha: je, mnajuaje kwamba kipande hiki hakikupachikwa?

Tena si kila mlipuko ni hila ya mtu. Aprili 29, 2009, mabomu yalilipuka katika ghala la kambi ya jeshi Mbagala, Dar es Salaam, na tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka Gongo la Mboto. Mara zote mbili wananchi zaidi ya 20 walikufa na maelfu wakakimbia nyumba zao, na mara zote mbili watu walitafuta adui wa kumlaumu kabla ya kuuliza juu ya umri wa mabomu, joto la ghala na utaratibu wa kuhifadhi. Mpelelezi anayeanza na mtuhumiwa hawezi kuligundua kosa lisilo na mtuhumiwa, na kosa lisilogunduliwa hurudi.

DAFTARI LA KARANI

Hapa ndipo mtumishi wa umma anapoingia. Wengi hudhani kwamba kesi za 1998 zilijengwa na mashine za ajabu za wageni. Ni kweli kwamba mamia ya wapelelezi wa Marekani walikuja Afrika Mashariki na vyombo vyao, wakafanya kazi pamoja na makachero wa Tanzania na Kenya. Lakini mashine zilihitaji pa kuanzia, na pa kuanzia palitolewa na watu wa kawaida na karatasi za kawaida.

Siku ile ile ya milipuko, ofisa katika uwanja wa ndege wa Karachi, Pakistani, alimtazama abiria aliyetoka Nairobi, akaitazama picha katika pasipoti yake, akaona kwamba sura hizo mbili hazilingani. Angaliweza kugonga muhuri na kumwita anayefuata, kwani foleni ni ndefu na mshahara ni ule ule. Hakufanya hivyo. Abiria huyo alikuwa Mohamed Sadeek Odeh, mmoja wa waliohukumiwa baadaye kifungo cha maisha. Mjini Nairobi, mfanyakazi wa usafi katika hospitali aliokota funguo na risasi zilizofichwa msalani. Hakuzitupa wala hakuziuza. Funguo hizo zilionekana mahakamani kuwa za kufuli la lori la bomu, na aliyezificha, Mohamed al-Owhali, naye yuko kifungoni maisha. Dar es Salaam walikuwapo waliouza gari, waliopangisha nyumba Ilala, waliochomelea vyuma vya gari bila kujua litatumika kwa nini. Na baadhi yao walisafiri hadi New York kusema mbele ya mahakama walichokiona.

Kila kitu hapo kilitegemea uangalifu wa watu waliokuwa katika kazi ya kila siku. Karani anayeandika namba ya injini vizuri katika kadi ya gari, mwenyekiti wa mtaa anayejua nani amehamia nyumba ipi, mfanyakazi wa posta anayesoma muhuri wa mahali kifurushi kilipotoka, mganga anayetunza kumbukumbu za majeruhi: hao wote wanaandika leo ushahidi wa kesi ambayo bado haijatokea. Na karani anayeandika ovyo, au anayepokea chochote ili aandike jina lisilo la kweli, anafuta leo nyayo za muuaji wa kesho. Rushwa ndogo katika dirisha la leseni haiishii dirishani.

Na mwalimu ana kazi iliyo kubwa kuliko zote. Taifa linalojua kutofautisha niliona na niliambiwa ni taifa lenye mashahidi. Taifa lisilojua ni taifa lenye wasimuliaji. Tofauti hiyo haifundishwi mahakamani, ambako mtu hufika akiwa mzima. Hufundishwa darasani. Mwalimu wa darasa la tano anaweza kuwaambia watoto waandike walichokiona njiani asubuhi ile, akafuta kwa wino mwekundu kila sentensi waliyoisikia kwa wengine. Zoezi hilo halihitaji fedha wala kitabu kipya, nalo lina thamani kuliko hotuba kumi juu ya usalama wa taifa.

NJIA YA MKATO

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ni ya starehe. Kwamba adui anayelipua mabomu hangojei chekeche, na kwamba mtuhumiwa akibanwa vilivyo atasema yote kwa usiku mmoja. Hoja hiyo haistahili kupuuzwa, kwa maana inatoka katika uchungu wa kweli. Inastahili kujibiwa kwa mambo yaliyotokea.

Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania aliyetuhumiwa kushiriki katika njama ya 1998, alikamatwa Pakistani mwezi Julai 2004. Badala ya kupelekwa mahakamani alifichwa katika magereza ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani na kuhojiwa kwa mabavu, kisha mwaka 2006 akapelekwa Guantánamo. Alipofikishwa hatimaye mbele ya mahakama ya kiraia New York mwaka 2010, upande wa mashtaka ulitaka kumleta shahidi muhimu ambaye angeeleza habari ya TNT. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi huyo, kwa kuwa kujulikana kwake kulitokana na maneno yaliyokamuliwa kwa mateso. Mwezi Novemba baraza la mahakama lilimwona Ghailani hana hatia katika mashtaka yote ya mauaji, na kwa jumla katika mashtaka zaidi ya 280. Alipatikana na hatia katika shtaka moja tu, la njama ya kuharibu mali na majengo ya Marekani. Ni kweli kwamba kwa shtaka hilo moja alihukumiwa kifungo cha maisha Januari 2011. Lakini jamaa za watu 224 waliouawa katika miji miwili walisikia mahakama ikisoma hana hatia, hana hatia, kwa kila jina la mpendwa wao. Mkato ulioahidi kufika haraka ulichelewesha kesi kwa miaka sita na kuinyang'anya ushahidi wake.

Funzo la namna hiyo lilitoka Afrika Kusini pia. Khalfan Khamis Mohamed alikamatwa Cape Town mwezi Oktoba 1999 na kukabidhiwa haraka kwa Wamarekani bila kutakwa ahadi kwamba hatanyongwa. Mwezi Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kwamba makabidhiano hayo yalivunja sheria ya nchi. Mohamed alipatikana na hatia na kufungwa maisha, tena kwa ushahidi uliotolewa hadharani. Mahakama hiyo haikumtetea muuaji. Ilikataa tu kwamba muuaji awe sababu ya nchi iliyotoka juzi katika ukaburu kurudia desturi za makaburu.

Na Tanzania yenyewe haikujiaibisha. Kati ya watu wawili ilioanza kuwashtaki nchini mwaka 1998, mmoja aliachiwa mwaka 2000, na mwingine Mahakama Kuu ilimwachia huru Desemba 2004 kwa sababu ushahidi haukutosha. Wako walionung'unika. Lakini mahakama inayoweza kusema ushahidi hautoshi, hata katika kesi iliyotazamwa na dunia nzima, ndiyo peke yake ambayo neno lake la hatia lina uzito.

WAJIBU ULIOPO

Mambo yanayotakiwa kufanywa si ya miujiza. Mwananchi anayefika mahali penye mlipuko amwokoe majeruhi kwanza, kisha arudi nyuma, asichukue chuma kwenda kuuza wala kukihifadhi kama kumbukumbu, na kamba ya polisi aiheshimu hata kama anayemzuia ni kijana wa umri wa mwanawe. Mkuu wa kazi, awe wa wilaya au wa mkoa, ajizuie kulitaja jina la mhalifu mbele ya waandishi kabla ya wapelelezi kumaliza kuchekecha udongo. Kwani neno lake ni sawa na ile karatasi nyekundu ukutani, na kila pua iliyo chini yake itageukia huko. Serikali iendelee kumpa mpelelezi vyombo, mafunzo na maabara, na imlishe vyema mbwa wake na kumlipa vyema anayemwongoza, maana hao wawili ndio huingia kwanza mahali ambapo wengine wote wanatoka mbio. Na yeyote mwenye mtuhumiwa mikononi mwake akumbuke kwamba kofi moja laweza kumfungulia muuaji mlango wa gereza.

Leo Dk. Mondlane anaheshimiwa Msumbiji huru kila Februari 3, na chuo kikuu kilichoko Maputo kinaitwa kwa jina lake. Wale 11 wa Barabara ya Laibon hawana chuo. Wana wajane, wayatima na ndugu, na wengi wao wamo katika ofisi na shule za nchi hii. Deni wanalodai ni moja na Mondlane: kwamba aliyewaua ajulikane kwa hakika, na kwamba asiyewaua asiteswe kwa niaba yake. Deni hilo hulipwa na yule aliyepiga magoti katika vumbi akiwa na chekeche mkononi, na mbwa wake ameketi kimya kando yake. Wananchi wampe nafasi ya kufanya kazi hiyo.